Bosi, Toa Shikamoo Kwanza

Umepandishwa cheo. Una miaka 36, na Jumatatu unakabidhiwa idara ya halmashauri ambayo mtumishi wake mkubwa ana miaka 59, mdogo ana 24, na katikati wamo wenzako wa rika lako, wengine waliokuwa wakikuita kwa jina la utani. Kabla hujaagiza kiti cha kuzunguka, soma mwongozo huu, maana mtihani wa kwanza unakusubiri mlangoni saa moja na nusu asubuhi, hata begi hujaliweka chini.

Mtihani wenyewe ni huu: nani anamwamkia nani? Mzee wa masjala amesimama pale na jalada mkononi. Toa shikamoo. Itoe kwa sauti, mbele ya watu, kila siku, hata siku uliyomwandikia barua ya kujieleza. Mabosi wengi vijana huogopa kwamba wakishaamkia hawataweza tena kuagiza, kwa hiyo wanavumbua salamu za ajabu. Yupo wa "habari za kazi" huku macho yakiwa kwenye simu, yupo wa "mambo vipi, mzee wangu", na yupo anayekohoa tu na kupita. Huo ni woga, na ofisi nzima inauona. Shikamoo haijawahi kumvua mtu cheo. Jifunze tu kuifuatisha na sentensi iliyonyooka: "Shikamoo, mzee. Naomba taarifa ya robo mwaka kabla ya saa nane mchana." Utaitikiwa marahaba, na taarifa utaletewa.

Ila heshima hiyo usiigeuze kodi ya kumtoza kijana. Mtoto wa elfu mbili akikuambia "Bosi, hili agizo sijalielewa, tunalifanya kwa ajili gani?", usimwone hana adabu. Amekuuliza swali ambalo watu wazima wameshindwa kuliuliza kwa miaka. Mjibu. Ukiona jibu huna, lifute agizo.

Sasa kundi la WhatsApp. Mzee atatuma picha ya waridi na "asubuhi njema" saa kumi na moja alfajiri. Mwache, anawatakia mema. Tatizo la kundi hilo ni wewe unayetuma kazi saa nne usiku. Mzee atausoma ujumbe akiamka, wa kati ataujibu huku anambembeleza mtoto alale, na kijana hatajibu mpaka asubuhi. Kesho utamsema kijana kikaoni. Usifanye hivyo, kwa sababu kati yenu wote ni yeye peke yake aliyefanya lililo sahihi. Kazi ya ofisi itume saa za ofisi.

Ukishavuka hapo, fanya jambo ambalo mabosi wachache hulifanya: soma masharti ambayo kila mmoja aliajiriwa nayo na makato anayokatwa. Tabia nyingi tunazowabandika wazee na vijana zinaanzia hapo.

Mzee wako analalamikiwa kwamba kila mazungumzo anayapeleka kwenye kiinua mgongo. Lazima ayapeleke. Sheria inamstaafisha kwa lazima akifika miaka 60, na kwa muda mrefu wa utumishi wake watumishi wa mfuko wa pensheni wa PSPF walijua kwamba nusu ya mafao yao wataipata kwa mkupuo. Mwaka 2018 mifuko iliunganishwa ikawa PSSSF, na kanuni mpya za kukokotoa mafao, maarufu kama kikokotoo, zikaushusha mkupuo hadi asilimia 25. Desemba mwaka huohuo Rais Magufuli akazisitisha. Julai 2022 ikaja asilimia 33. Mtu aliyepanga kumalizia nyumba kwa hesabu moja, kisha akaona hesabu ikibadilishwa tena na tena akiwa bado kazini, ana haki ya kulizungumzia neno kikokotoo mpaka chai ipoe. Kaa umsikilize. Kisha msaidie kuhakiki michango yake mapema, ili asije akahangaika na barua zilizopotea wakati mshahara umeshakoma.

Kijana naye analalamikiwa kwamba hana uvumilivu na anapenda hela. Alisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Tangu sheria irekebishwe mwaka 2016 anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, badala ya asilimia 8 ya zamani. Kwa mshahara wa shilingi 800,000, Bodi inachukua 120,000 na PSSSF inachukua 40,000, kodi ya serikali haijaguswa bado, wala ya nyumba. Ukimwomba abaki mpaka saa moja usiku bila posho na akakuuliza kuhusu nauli, ujue hajakutukana. Amepiga hesabu.

Na wa kati? Huyo halalamikiwi, kwa hiyo anasahauliwa. Analipa ada za watoto na dawa za wazazi kwa mshahara uleule, amekaimu nafasi mpaka neno kaimu limekuwa kama jina la ukoo, na ndiye anayewatafsiria wazee mfumo na vijana taratibu. Mthibitishe kwenye nafasi, au mwambie wazi kwamba hutamthibitisha. Kumwacha akining'inia ni dhuluma.

Usikimbilie kuandaa bonanza. Fulana za rangi moja na kuvuta kamba ufukweni Bagamoyo havijapatanisha idara yoyote. Vinampa mzee maumivu ya goti na vinamnyima kijana Jumamosi yake. Afadhali kaeni chai ya saa nne, umuulize mzee habari za Jeshi la Kujenga Taifa, JKT. Mafunzo ya mujibu wa sheria yalisitishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013, kwa hiyo mzee wa kidato cha sita na kijana wa kidato cha sita huenda wote wawili wameamshwa na filimbi na wamepigishwa kwata. Watacheka pamoja. Wewe na wenzako wa kati ndio mtakaokaa kimya.

Wakishacheka, wape kazi moja. Mzee anajua kuandika dokezo sabili ambalo mkurugenzi halirudishi, na anajua ni kwa nini kiwanja kile cha nyuma ya soko kina hati mbili. Kijana anajua kuyaingiza yote hayo kwenye mfumo kwa adhuhuri moja. Usiwape semina ya kurithishana ujuzi. Wape jalada halisi, lenye tarehe ya mwisho, na saini za wote wawili. Na atakayemwita mzee "wa zamani" au kijana "wa mitandao" ili asimpe kazi, mkumbushe kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeutaja umri waziwazi miongoni mwa mambo ambayo mtu haruhusiwi kubaguliwa kwayo kazini.

Mwisho, fungua orodha ya watumishi wako uangalie nani anastaafu mwakani. Mwite leo, pamoja na kijana mmoja, uwatafutie meza ya pamoja. Miezi kumi na miwili inatosha kuhamisha mengi, lakini ukisubiri sherehe ya kumuaga utabaki na keki na hotuba.