Keki Iliyoliwa kwa Kijiko

Mapishi yalitoka Marekani, yakafika Unguja yakiwa yameshatafsiriwa, na humo kwenye tafsiri ndimo balaa lilimojificha. Yalitaka unga wa ngano, siagi, mayai, mdalasini na "matufaa manne, yamenywe na kukatwa vipande". Mwandishi wa makala haya, mtu mzima mwenye leseni ya udereva, akachukua kikapu akenda zake Darajani.

Akaomba matufaa, akapewa matufaa. Muuzaji alaumiwe kwa lipi? Kwa watu wa pwani, tufaa ni lile tunda jekundu lililokaa kama pea, nyama yake nyeupe na nyororo, la mti uliotoka Asia ya Kusini Mashariki. Wataalamu wanauita Syzygium malaccense, ndugu wa damu wa mkarafuu. Lile la Wazungu, ambalo mtoto yeyote wa mjini angelitambua kwa jina la epo, ni la ukoo wa mwaridi. Na kichekesho ni kwamba kati ya hayo mawili, linalonukia waridi ni hili letu la ukoo wa karafuu.

Harufu hiyo ndiyo iliyompumbaza. Alikata, akanusa, akajiona fundi.

Epo nalo lina maji, asilimia 85 hivi, ila nyama yake hustahimili moto. Tufaa la pwani lina maji zaidi na halina subira: likiguswa na joto tu, linalia. Lililia ndani ya unga, pembeni ya trei, mpaka chini ya oveni.

Hiyo oveni nayo ina kesi yake. Mapishi yalisema nyuzi 350, na namba za oveni zinaishia 250. Mwenye akili angejiuliza. Yeye alizungusha mpaka mwisho, akasikitika kimoyomoyo kwamba majiko ya Wamarekani yana nguvu kuliko lake. Kumbe zilikuwa nyuzi za Farenhaiti, ambazo kwa Selsiasi ni 177 tu.

Keki ilitoka juu makaa, chini uji.

"Mwanangu," shangazi yake aliuliza kwa upole, "hii inakatwa au inachotwa?"

Ikachotwa, kwa vijiko, pamoja na chai ya tangawizi. Sahani zilirudi jikoni nyeupe.

Wiki iliyofuata alinunua maepo ya kijani, Granny Smith, yenye jina la bibi wa Australia, Maria Ann Smith, ambaye mche wake ulianza kujulikana mwaka 1868. Safari hii oveni iliwekwa kwenye 177. Keki ikaumuka, ikapiga rangi ya dhahabu, ikakatika vipande kama ya dukani.

Shangazi akatafuna taratibu.

"Nzuri," alisema. "Ila kali. Kwani matufaa ya juzi yamekwisha?"