Skrubu ya Kinyozi

Wanaobuni vifaa vya kujiremba wana roho ya korosho. Wanaweka kitobo hapa, kimkia pale, halafu kimya. Tunabaki kubahatisha mpaka atokee mjuaji wa kutuumbua.

Kwetu mjuaji ni binti wa dada yangu, anayekuja kila likizo. Safari hii alianza na mke wangu: eti pini ya nywele, upande wenye mawimbi unalala chini kichwani, maana ndio unaonasa nywele, ule ulionyooka unakaa juu. Mke wangu, ambaye pini hizo huzitumia zaidi kufungulia kabati, alimtazama tu. Zamu yangu ikafika. "Mjomba, kale katobo ka kikata kucha ni ka kupitishia pete ya funguo." Haya. Na ile ncha ya kitupa chake ni ya kutolea uchafu chini ya kucha. Kwetu inatoa betri za rimoti, na hakuna aliyelalamika.

Angeishia hapo ningemsamehe. Lakini alimpeleka mdogo wake kunyolewa, nami nikiwa kwenye foleni. Mashine ya kinyozi wetu hunguruma kama bodaboda inayopanda mlima, nasi tulishazoea. Binti akanyoosha kidole: "Kaka, hicho kimkono cha pembeni kinasogeza wembe, nywele zibaki ndefu au fupi." Kinyozi akasema anajua. "Na hiyo skrubu?" Kimya.

Kumbe skrubu ndiyo inayorekebisha mtikisiko. Ndani mna sumaku ya umeme inayovuta na kuachia kipande cha chuma. Kikivutwa kupita kiasi kinagonga, ndiyo ile ngurumo. Unaizungusha skrubu taratibu mpaka kugonga kuishe. Mmarekani Leo Wahl aliombea hataza mashine yake ya umeme ya kushika mkononi mwaka 1919, na karne nzima baadaye habari za skrubu hazijafika mtaani kwetu!

Kinyozi akachukua bisibisi, akazungusha. Ngurumo ikakata. Wateja wakapiga makofi.

Sasa mashine inanong'ona, na kwa mara ya kwanza tunamsikia kinyozi mwenyewe. Ana maoni kuhusu usajili wa timu, bei ya mafuta, wakwe zake, na namna upara wangu ulivyoanza. Jumamosi nilimwomba airudishe skrubu ilipokuwa. Amekataa, anasema mazungumzo yamenoga.