Niko Hapa, Wewe Uko Wapi?

Programu za kuagiza chakula kwa simu zilibuniwa na watu ambao nyumba zao zina namba, na namba hizo husomwa. Sisi wa Dar es Salaam namba tunazo. Mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti, serikali iliendesha operesheni ya anwani za makazi, na mtaani kwetu vikasimikwa vibao vya majina ya barabara, nyumba zikabandikwa namba. Yangu naipenda, naiona kila asubuhi nikifungua geti. Lakini sijakutana na dereva wa bodaboda aliyeitaka. Nikimtajia, hunyamaza kidogo, halafu huniuliza taratibu, kama mtu anayeongea na mgonjwa: "Sawa kaka, ila ni karibu na nini?"

Karibu na nini, hiyo ndiyo anwani. Kwetu unashuka na barabara ya vumbi, unapita kanisa, ukikuta fremu tatu za maduka unakata kulia, unaenda mpaka pale palipokuwa na mwembe. Mwembe wenyewe ulishakatwa. Wenyeji wote wanajua ulikuwa wapi. Dereva mgeni anazunguka kutafuta mti.

Ramani ya kwenye simu nayo ina mambo yake. Inapima kwa rula, juu kwa juu, haijali bonde wala korongo. Kuna siku ilinitangazia kwa furaha kwamba dereva amefika. Nikatoka nje. Kweli alikuwa amefika, ila ng'ambo ya bonde, boksi mgongoni, ananipungia mkono. Chipsi zangu nilikuwa naziona kwa macho. Nami nikampungia, maana daraja hakuna, na kuzunguka ni mpaka barabara ya lami.

Lakini hayo ni madogo. Kubwa lilikuja na mama mkwe.

Alitoka Moshi na basi la asubuhi, akashukia stendi ya Magufuli, hapa hapa kwetu Mbezi Luis. Mke wangu, Mama Neema, alikuwa zamu kazini. Mimi, nikitaka mkwe aone binti yake hakuolewa porini, nikaagiza biriani ya kuku na juisi ya ukwaju kutoka mgahawa mmoja wa Goba. Goba ni jirani. Programu ikasema dakika 35. Kwenye maelezo nikaandika: bila pilipili, mgeni ana vidonda vya tumbo.

Dakika zikapita, na nyingine juu yake. Simu ikaita.

"Kaka, nimefika."

"Umefika wapi? Mbona sikuoni?"

"Niko hapa Mbezi, kaka. Hapa kwenye upepo wa bahari."

Msomaji wa Dar ameshaelewa. Wengine niwaeleze: Mbezi Beach iko upande wa barabara ya Bagamoyo, ufukweni. Mbezi yetu iko barabara ya Morogoro, na bahari tunaiona tukienda kuogelea sikukuu. Goba iko katikati. Alama ya nyumba yangu ilikuwa mahali pake kwenye ramani, ila kijana alisoma neno Mbezi, akalikamata hilo hilo, akateremka Tangi Bovu badala ya kuja huku. Sasa apande tena Goba na biriani yangu, apite mbele ya mgahawa ule ule ilikopikwa, ndipo aje kwetu.

Mama mkwe alikuwa ananisikiliza. "Baba Neema," akasema, "hicho chakula kinatoka nchi gani?"

Nikamwambia kiko njiani. Akaitikia kwa heshima, akainuka, akafungua kiroba cha ndizi alichokuja nacho, akaulizia kisu. Mkwe, siku ya kwanza, anamenya ndizi jikoni kwangu huku mimi nimeshika simu nikifuatilia kidoti kwenye ramani! Nilimsihi akae. Akanituma nyama.

Mtori ulikuwa umeshaiva kijana alipopiga hodi. Biriani ilikuwa imelala ubavu, mchuzi umeloanisha mfuko mpaka umeachia chini, na kachumbari imehamia kwenye juisi. Pilipili, nikiri, hawakuweka ndani ya biriani. Waliifunga pembeni kwenye kikaratasi, wakaandika kwa kalamu: "Pilipili ya mgonjwa."

Nikampa elfu thelathini. Chenji hana. Nikajaribu kulipa kwa simu, ikajibu kwamba muamala unashughulikiwa, ikaendelea kuushughulikia.

"Mwanangu, wewe umekula?" mama mkwe akamuuliza.

Hakuwa amekula. Watu wanaobeba chakula cha wenzao kutwa nzima, mara nyingi hawajala. Akakaa, akamaliza sahani ya mtori, akaongezwa. Alipomaliza akasema, "Bibi, nisaidie kumwambia kaka asisahau kunipa nyota tano."

"Nyota gani tena, na jua bado linawaka?"

Biashara hii ya kupeleka chakula si lelemama. Kampuni ya Jumia iliondoka Tanzania mwishoni mwa 2019, na mwishoni mwa 2023 ikafunga huduma yake ya chakula hata Kenya na Uganda. Wenye hesabu zao walisema faida haikuonekana. Mimi nadhani petroli iliishia kwenye kutafuta miembe iliyokatwa.

Nyota tano nilimpa. Mgahawa niliupa mbili, moja ikiwa ya ule mwandiko. Mtori haukuwa na sehemu ya kuupigia kura, ila Mama Neema aliporudi usiku hakugusa biriani. Nanyi mnaoagiza kutoka huku kwetu, wahurumieni vijana wa boda: andikeni Mbezi ya Morogoro Road, na hiyo Morogoro Road iandikeni kwa herufi kubwa.