Masaibu ya Mtafiti wa Masomo ya Mtandaoni

Ujifunzaji mtandaoni, yaani ule ambao mwalimu na mwanafunzi hukutana kwa njia ya intaneti badala ya kukutana darasani, umekuwa mada inayopendwa na wanafunzi wengi wa shahada ya uzamili nchini Tanzania, hasa tangu Machi 2020, shule na vyuo vilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19. Aghalabu mada hiyo huchaguliwa kwa imani kwamba utafiti wa mambo ya mtandaoni utafanyika mtandaoni, mtafiti akiwa ameketi na feni inampepea. Imani hiyo haifiki mbali, kwa kuwa kazi yenyewe huanza kwa miguu.

Kibali cha kukusanya data hutafutwa kwa barua ya chuo, ambayo hupelekwa kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kutoka hapo ikazaa barua nyingine ya kwenda wilayani, nayo ikazaa ya afisa elimu, hadi kizazi cha mwisho kinapomfikia mkuu wa shule kikiwa na mihuri ya kutosha. Barua iliyotumwa kwa baruapepe huchukuliwa kuwa ni taarifa tu kwamba barua inakuja. Hivyo mtaalamu mtarajiwa wa teknolojia ya elimu hukutwa kwenye benchi nje ya masijala, bahasha ya kaki mkononi, akiambiwa kwamba faili lipo kwa bosi na bosi yupo kikaoni.

Shuleni nako kuna jambo ambalo pendekezo la utafiti halikulitaja. Shule nyingi za sekondari haziruhusu mwanafunzi kuwa na simu, na zinazokamatwa hulala katika kabati la mwalimu wa nidhamu. Mtafiti anayechunguza matumizi ya simu katika kujifunza hujikuta akigawa hojaji, yaani karatasi ya maswali, mbele ya mwalimu huyohuyo, na swali la kama mwanafunzi anatumia simu kujisomea hupata jibu moja kutoka dawati la kwanza hadi la mwisho: hapana. Jioni hiyohiyo, baadhi ya waliojibu hapana humtumia mtafiti ujumbe wa WhatsApp wakiomba maswali ya mitihani iliyopita.

Nadharia inayoegemewa na tasnifu nyingi za aina hii ni Modeli ya Ukubalifu wa Teknolojia, iliyochapishwa na Fred Davis mwaka 1989, ambayo inaeleza kwamba mtu huikubali teknolojia kwa kutegemea mambo makuu mawili: manufaa anayoyaona ndani yake na urahisi anaouona katika kuitumia. Ni nadharia nzuri, na ina mishale inayopendeza kwenye mchoro. Hata hivyo, haina mshale unaotoka kwa baba. Mahojiano ya simu na mwanafunzi wa kidato cha tatu hupangwa saa mbili usiku kwa sababu hiyo ndiyo saa ambayo simu inarudi nyumbani, nayo inarudi pamoja na mwenyewe, dereva wa bodaboda, ambaye baada ya kuamkiwa shikamoo huketi karibu na mwanawe na kuanza kumjibia. Mtoto akiulizwa kama mfumo wa masomo ni rahisi kutumia, baba hujibu kwamba ni rahisi sana, huyu ana akili tangu mdogo. Akiulizwa anautumia mara ngapi kwa wiki, hutokea ukimya, kisha simu ya mteja huingia, sauti ya pikipiki ikiwashwa husikika, na mahojiano huondoka nayo.

Davis hakukosea, ila sehemu ya data yake ilitoka kwa wafanyakazi wa maabara ya IBM nchini Kanada, watu ambao hawakuhitaji kungoja mzazi arudi na kompyuta. Kinachoshangaza ni kwamba tukio la baba na bodaboda, ambalo ndilo jibu kamili la swali la utafiti, huandikwa kwa mstari mmoja katika kipengele cha mipaka ya utafiti, kisha kurasa zinazofuata zikajazwa majedwali kuhusu urahisi wa kutumia mfumo ambao mhojiwa hajaufungua.

Kwa walimu, hojaji hutumwa kama fomu ya mtandaoni, na kiungo chake huwekwa katika kundi la WhatsApp la shule. Katika nchi ambayo kila mwenye simu amewahi kupokea ujumbe wa kumtaka ile hela aitume kwenye namba hii, kiungo kisichojulikana hakifunguliwi ovyo. Mwalimu mmoja hushukuru kwa taarifa, wa pili huuliza kama kuna posho, wa tatu hubandika kadi ya mchango wa harusi, na kiungo hupanda juu hadi kisionekane tena.

Wachache wanaojaza hukutana na kipimo cha Likert, kilichobuniwa na Mmarekani Rensis Likert mwaka 1932, ambacho humtaka mjazaji aoneshe kiwango cha kukubaliana na kauli, kuanzia "sikubali kabisa" hadi "nakubali sana". Adabu huwazuia wengi kukataa. Wanakubali sana kila kitu. Uthabiti wa majibu hupimwa kwa alfa ya Cronbach, kipimo cha mwaka 1951 ambacho watafiti wengi huridhika kikifika 0.7. Sasa, walimu kadhaa wakipiga tiki "nakubali sana" toka juu hadi chini, na wengine "nakubali" toka juu hadi chini, bila yeyote kusoma hata kauli moja, alfa hutoka 1 kamili na mtafiti hulala usingizi mnono. Msimamizi makini hudai ziongezwe kauli za kinyume, ndipo inapogundulika kwamba mwalimu yuleyule anakubali sana kuwa mfumo ni rahisi na anakubali sana kuwa mfumo ni mgumu, na alfa huporomoka, pengine hadi chini ya sifuri.

Mtandao wenyewe nao una siku zake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu, intaneti ikadorora Afrika Mashariki, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Kwa mtafiti wa ujifunzaji mtandaoni hali hiyo ilikuwa data ya thamani, ila haikuwezekana kuituma kwa msimamizi.

Tasnifu za namna hii zitaendelea kuandikwa, na viungo vyake vitaendelea kutumwa. Msomaji ambaye kimojawapo bado kimelala kwenye simu yake, chini ya kadi za michango, anaombwa akifungue na kukijaza, kwani si utapeli. Na akifika kwenye kauli inayosema kwamba mfumo ni mgumu, tafadhali aisome kwanza.