Sifa za mbenga

Simba ana nyimbo zake na tembo ana ngano zake. Mbenga, samaki wa maji yetu ya Kongo mwenye meno 32, sijamsikia akipewa hata ubeti mmoja. Nami nasema kaonewa.

Mwaka 1898 mtaalamu wa samaki Boulenger alimpa jina la goliath, na hakutia chumvi: mbenga hufikia urefu wa mita moja na nusu na uzito wa kilo 50. Makao yake ni Lualaba, mto unaopokea maji ya Lowa, nayo Lowa hushuka kutoka milima ya Masisi ikapita misitu ya Walikale. Hata akifumba mdomo meno yake yanaonekana. Heshima yangu kwake inaanzia hapo: huyu ni mwindaji asiyeficha kazi yake.

Mtazame mpiga mbizi anayetafuta dhahabu katika maji hayohayo. Kiunoni kajifunga vitu vizito ili azame, mdomoni kauma mpira wa hewa unaotoka kwenye kompresa juu ya drage, chombo cha kuchimbia kinachoelea, mikononi ana bomba linalonyonya changarawe. Maji ni tope tupu, hata vidole vyake havioni. Anachoogopa ni mpira kujikunja, injini kuzimika, mchanga kumporomokea. Mbenga? Chakula chake ni samaki wenzake. Hadithi za kuvamia waogaji zipo tele, lakini mimi naziweka fungu moja na porojo za kumchafulia mtu jina.

Sasa mpiga mbizi apande ukingoni, ndipo akutane na wawindaji wasio na magamba. Mwaka 2017 watafiti wa taasisi ya IPIS walitaja vizuizi vya barabarani 798 vya kutoza watu katika Kivu mbili, ya Kaskazini na ya Kusini. Ukivipita, kijijini kuna ushuru wa "lala salama", unaolipwa kwa mtu yuleyule anayekunyima usingizi. Ukikosa pesa, kuna salongo, yaani kazi ya lazima, na jembe uje nalo mwenyewe.

Mbenga akishiba huenda zake. Harudi mwisho wa mwezi kukuuliza jetoni, ile risiti ya ushuru, iko wapi. Hana shemeji ofisini. Waasi wa M23 walipouteka mji wa Walikale Machi 2025, wakaondoka mwanzoni mwa Aprili, watu walikimbilia msituni na matamko yakatoka kila upande. Mbenga hakutoa tamko lolote, na sijui kiongozi mwingine wa eneo hili aliyeonyesha busara kiasi hicho. Wavuvi wananung'unika kwamba anapasua nyavu. Ni kweli, anapasua, ila hajaonekana sokoni akiuza wavu wa mtu.

Kwa hiyo naomba wakubwa wampe kizuizi kimoja tu, barabara ya Sake kwenda Walikale, kwa majaribio. Najua samaki akitolewa majini hufa. Lakini mpaka afe, atakuwa amekula kidogo kuliko waliomtangulia.