Mchungaji, Matope na Mnada wa Mavuno

Katika Kanisa la Methodisti nchini Kenya, lililoanzia Ribe karibu na Mombasa mwaka 1862 na kufika Kaaga, Meru, mwaka 1912, mchungaji wa mashambani hapewi kanisa moja bali saketi, yaani kundi la makanisa madogo yaliyotawanyika vilimani, ambayo humtegemea yeye pamoja na wahubiri wasiowekewa mikono, wengi wao wakiwa walimu na wakulima. Utaratibu huo ulirithiwa kutoka kwa John Wesley (1703–1791), aliyeizunguka Uingereza kwa farasi akihubiri. Ila ikumbukwe, kwa heshima zote, kwamba Wesley hakuwahi kuteremka vilima vya Nyambene, huko Meru, kwa pikipiki mwezi Novemba.

Kumbukumbu za mchungaji mmoja mstaafu wa Meru zinaonyesha kwamba mafundisho ya dini kijijini hutegemea sana hali ya barabara. Udongo mwekundu wa volkano, unaowapa wakulima wa huko chai, kahawa na miraa, ukinyeshewa hujaa kati ya gurudumu na madigadi mpaka pikipiki ikasimama wima bila kushikwa, na waumini waliokwisha kuimba nyimbo zote wanazozijua humwona mtumishi wa Mungu akiwasili kwa miguu, viatu mkononi, kola nyeupe ikiwa ndiyo kitambulisho pekee kilichosalia. Ukarimu nao haukuwa na huruma: ibada tatu zilimaanisha sahani tatu za mukimo, yaani viazi, mahindi na mboga vilivyopondwa pamoja, na kwa kuwa kukataa chakula cha mama wa kanisa ni dharau, mahubiri ya tatu yalikuwa mafupi kwa sababu zisizo za kiroho.

Mtihani mkubwa, hata hivyo, ulikuwa sadaka ya mavuno, ambapo waumini huleta mazao na mifugo, kisha vyote vikanadiwa uani baada ya ibada kwa bei ambazo soko halizijui. Siku moja mstaafu huyo aliinua mkono kumsalimu mzee aliyechelewa, mnadi akauhesabu kuwa bei, na kwa vile mchungaji kujitoa mnadani mbele ya kundi lake ni fedheha, akawa mmiliki wa beberu wa kusafirishwa kwa pikipiki ileile. Beberu alilia njia nzima, hata vijiji vyote vikapata habari za ununuzi huo kabla ya mke wa mchungaji, ambaye ndiye aliyetunza fedha za nyumba.

Mwaliko wa mavuno bado humfikia kila mwaka, naye huitika. Ila mnada ukianza hutia mikono yote miwili mifukoni, na wenye haja ya kusalimiana naye wanaombwa wangoje mpaka beberu wa mwisho apate mwenyewe.