Mhadhara wa Bingwa wa Makaa

Mabibi na mabwana wa Ruiru, ketini. Mmebahatika. Akili kama yangu haipiti Thika Road kila siku, na ikipita huwa imekwama Juja.

Tuanze na lugha, maana wengi wenu hamjui adisopsheni. Chapati ikinywa mchuzi, hiyo ni absopsheni. Masizi yakishika sufuria kwa nje, hiyo ndiyo adisopsheni. Andikeni.

Mimi nilichoma maganda ya Ruiru 11, kahawa yenu ya mwaka 1985, nikayatia makaa yake kwenye maji ya rangi ya bluu. Rangi ikashika. Ikabaki kuchagua mlinganyo wa kueleza ilivyoshika, nami huchagua ule wenye mstari ulionyooka zaidi.

Langmuir, mshindi wa Nobel wa 1932, aliwaza uso wenye viti vilivyo sawa, kila molekuli na kiti chake, hakuna kubebana: yaani matatu ya Thika trafiki akiwa amesimama barabarani. Yeye alizungumzia gesi kwenye kioo, mika na platini. Mimi nimemhamishia kwenye ganda la kahawa lenye mashimo na makunyanzi, na hajalalamika. Lagergren, mwenye mlinganyo wa 1898 wa kasi ya kushika, pia namtaja kila mara. Aliandika Kijerumani, Kijerumani changu chote ni neno Volkswagen, nililolisoma kwenye gari lililounganishwa papo hapo Thika.

Sasa siri. Makaa yangu yalishiba dakika ya 30. Mvivu angeacha. Mimi nilipima mpaka saa ya 24, nikagawa muda kwa kiasi cha rangi kilichoshikwa, nikachora grafu: chini muda, juu muda uliogawanywa. Mstari! R-mraba, kipimo cha unyoofu, 0.999! Nikatangaza kuwa rangi na makaa vimefunga ndoa ya kikemia.

Kijana wa nyuma anasema makaa yakishashiba nagawa muda kwa namba ileile tu. Hata ningegawa kwa 14, viti vya matatu, mstari ungenyooka. Eti nipime zaidi kabla hayajashiba, nichore data zenyewe na mkunjo wake, na ndoa niithibitishe kwa ushahidi mwingine. Asante, kijana. Nimejaribu hiyo 14 kwenye simu sasa hivi: imetoa 1 kamili. Nitaiandikia makala.

Naam, mama wa mbele? Maji ya Mto Chania? Hapana, mama, nilitumia ya chupa. Ya mto yana matope na sabuni, yangenipindishia mstari.